Maji kwenye Kapeti ya Gari: Yanatoka Wapi na Yanazuiwaje

Gari lililosimama juani pale Kibuye, Kisumu, injini ikinguruma na kiyoyozi kikiwa kimewashwa, linatakiwa kudondosha maji. Dimbwi dogo karibu na gurudumu la mbele la kushoto si ugonjwa. Ni dalili kwamba kiyoyozi kinafanya kazi na kina pa kutolea jasho lake. Ugonjwa ni pale ambapo chini ni pakavu kabisa, ilhali abiria wa mbele anakanyaga kapeti inayotoa maji kama sponji ya kuoshea vyombo.

Wengi hufika gereji wakiwa wameshaamua kwamba gesi imeisha. Gesi ya kiyoyozi haiwezi kulowesha kapeti. R134a, au R1234yf ya magari mapya, ikivuja hutawanyika hewani mara moja, na penye tundu hubaki alama ya mafuta tu. Maji unayoyaona yametoka kwenye hewa yenyewe. Ukilipia gesi ili kuzuia maji, umelipia kitu kingine kabisa. Kuna hali moja tu ambapo upungufu wa gesi huzaa maji ndani ya gari, nayo ni barafu, ambayo ina sehemu yake hapa chini.

Hesabu kidogo inasaidia kuelewa kwa nini tatizo hili husumbua sana Kisumu. Hewa ya nyuzi 29 yenye unyevu wa asilimia 60, ambayo si ajabu kando ya ziwa, hubeba takriban gramu 17 za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Ikipita kwenye evaporeta, kile kifaa cha kiyoyozi kinachopoza hewa, na kutoka ikiwa na nyuzi 8, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 8 hivi. Gramu 9 zilizobaki hugeuka maji. Feni ikivuta mita za ujazo 100 za hewa ya nje, hiyo ni karibu lita moja. Sasa chukua Nakuru, mwinuko wa takriban mita 1,850, hewa ya nyuzi 24 na unyevu wa asilimia 50: kila mita ya ujazo huacha gramu 3 tu, theluthi moja ya zile za Kisumu. Ndiyo maana gari lenye mrija wa kutolea maji ya kiyoyozi ulioziba nusu huweza kukaa Nakuru mwaka mzima bila mtu kujua, kisha likateremka Kericho hadi Ahero na kumlowesha abiria viatu kabla halijafika mjini. Hakuna kilichoharibika njiani. Maji yameongezeka, njia ya kutokea imebaki ileile.

Kabla hujafungua chochote: maji gani, na lini?

Pangusa sehemu iliyolowa kwa tishu nyeupe. Maji ya kiyoyozi hayana rangi na hayatelezi vidoleni. Huenda yakanuka ukungu kama yamekaa siku nyingi. Tishu ikitoka na rangi ya kijani, waridi au chungwa, ikateleza kama ina sabuni na kunukia utamuutamu, hayo ni maji ya rejeta na yanatoka kwenye hita. Usiyaonje. Kulanti nyingi, yaani hayo maji ya rejeta, zina kemikali ya ethilini glaikoli, ambayo ni sumu kwa watu, mbwa na paka.

Swali la pili ni la wakati, na ndilo linalookoa pesa nyingi zaidi. Kausha sakafu kadiri uwezavyo, kisha endesha gari siku mbili za jua ukitumia kiyoyozi bila kuliosha. Kapeti ikilowa tena, kiyoyozi ndicho mshukiwa. Isipolowa, lakini ikalowa baada ya mvua ya alasiri inayotoka ziwani au baada ya kuoshwa, acha kiyoyozi kipumzike na uruke hadi sehemu ya mvua hapa chini.

Kisha fanya jaribio la dakika 15. Egesha penye usawa, pakavu, nje kwenye hewa wazi. Washa injini, kiyoyozi kiwe kwenye baridi kabisa, feni nafasi ya kati, na hewa ichukuliwe nje, maana hewa ya nje ndiyo yenye unyevu mwingi. Kisumu, matone huanza ndani ya dakika 5 hadi 10. Asubuhi ya baridi Nakuru au Molo huenda usione hata tone, na hilo halithibitishi lolote, rudia mchana.

Chini pakavu, kapeti ya abiria imelowa

Hii ndiyo hali inayoonekana mara nyingi kuliko nyingine zote. Huambatana na sauti ya maji yakicheza nyuma ya dashibodi ukikata kona au ukifunga breki, kama nusu chupa ya maji iliyosahauliwa humo. Mrija umeziba, beseni lililo chini ya evaporeta limejaa, na maji yamefurika kupitia maungio ya boksi la plastiki.

Magari mengi yetu, Vitz, Axio, Probox, Demio, Note na wenzao, yana usukani wa kulia na evaporeta yake iko nyuma ya kisanduku cha dashibodi kilicho mbele ya abiria, au katikati ya dashibodi. Mrija hupenya ukuta unaotenganisha injini na watu, sehemu ya chini, na kutokea upande wa injini kama kipande kifupi cha mpira mweusi kilichopinda kuelekea ardhini. Kwa kawaida tundu lake hupokea kidole kidogo cha mkono. Kwenye baadhi ya magari unauona ukifungua boneti na kumulika tochi chini nyuma ya injini. Kwa mengine lazima ulale chini.

Kinachouziba hutegemea unakoendesha. Nyanda za Kano, kuanzia Ahero kuelekea Nyando, zina ule udongo mweusi ambao ukilowa hunata kama ugali na ukikauka huwa tofali. Hurushwa na gurudumu na kuuziba mdomo wa mrija kutoka nje. Upande wa Nakuru ni vumbi laini la majivu ya volkano, ambalo huingia na hewa, hukamatwa na unyevu wa evaporeta, kisha hushuka hadi kwenye beseni likiwa tope. Maua ya jakaranda na majani hudondokea kwenye matundu yaliyo chini ya wipa, na kama filta ya hewa ya ndani haipo, husafiri mpaka kwenye evaporeta. Karibu na ziwa kuna wale wadudu wadogo wanaopaa kwa makundi kama moshi. Maelfu yao huishia kwenye filta. Usimsahau nyigu wa udongo. Gari likikaa bila kutumika wiki kadhaa, tundu la mrija ni nyumba aliyojengewa bure.

Kuzibua si kazi kubwa, ila ina njia mbaya nyingi kuliko nzuri. Zima injini na uache ekzosi ipoe, maana mara nyingi hupita karibu kabisa na mrija. Ukihitaji kuinua gari, weka vizuizi kwenye magurudumu ya nyuma na vigingi vya chuma chini ya mahali pa kuinulia. Jeki peke yake ni ya kubadilishia gurudumu. Si ya mtu kulala chini yake.

Anza kwa kubinyabinya mpira kwa vidole. Mara nyingi tope la mdomoni huvunjika na maji kushuka kwa kishindo, nusu lita au zaidi, kwa hiyo usikae na mdomo wazi chini yake. Mipira mingine ina mdomo uliobanana kama wa bata ili vumbi lisipande juu, na midomo hiyo hugandamana kwa tope. Ifungue kwa ukucha. Yasiposhuka, chomoa kipande cha mpira kama kinachomoka, kioshe kwa maji ya sabuni, na utazame njia ya plastiki iliyobaki ukutani.

Hapo tumia uzi wa plastiki wa mashine ya kukatia nyasi, wa unene wa milimita 2 hadi 3, ukiwa umeviringisha ncha yake kwa moto kidogo ili isiwe kali. Uingize polepole ukiuzungusha, usizidishe sentimita 15, na ukigonga kitu kigumu, simama. Hapa ndipo waya wa hanga huleta hasara. Evaporeta ni ya aluminiamu nyembamba, na ipo karibu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Ukiitoboa, umegeuza kazi ya dakika 10 kuwa kazi ya kung'oa dashibodi nzima.

Upepo wa wazibaji pancha hutumika sana, na hufanya kazi, lakini upunguze hadi PSI 30 hivi na upulize kwa vipindi vifupi. Ukipulizwa kwa nguvu zote, tope lote hurudi juu, hutapakaa kwenye evaporeta, na baada ya wiki mbili linashuka tena palepale. Maji nayo huweza kurushwa hadi kwenye mota ya feni. Iliyo bora ni kuvuta badala ya kusukuma: mashine ya kuvuta vumbi inayokubali maji, ile ya wanaosafisha viti vya magari, ishikwe mdomoni mwa mrija kwa kitambaa kilichofungwa ili hewa isipenye pembeni, sekunde 30 mara tatu au nne. Tope linatoka nje, halirudi ndani.

Maji yakishatoka, usiridhike na matone machache. Kwenye magari mengi, rezista ya feni, kile kifaa kinachodhibiti kasi yake, imefungwa kwa skrubu mbili nyuma ya kisanduku cha dashibodi, na tundu lake hukupa dirisha la kuona uso wa evaporeta. Ichomoe ikiwa imepoa, maana huwa ya moto sana feni ikitumika. Mulika ndani. Kama uso wa evaporeta umefunikwa na kitu kama blanketi la kijivu, mrija utaziba tena hata ukiuzibua kila mwezi. Kama ni safi, chukua bomba la sindano la mililita 60 na umwage maji mara nne kupitia tundu hilo, feni ikiwa imezimwa, ukiyaelekeza chini mbele ya evaporeta. Mengi yake yanatakiwa kutokea chini ndani ya dakika moja au mbili. Usimwage maji kupitia nafasi ya filta: kwenye magari mengi ya Toyota mota ya feni iko chini yake moja kwa moja.

Evaporeta chafu husafishwa kwa povu maalumu la evaporeta linalopulizwa kupitia tundu hilohilo, likaachwa kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha likashuka na uchafu kupitia mrija uliokwisha kuzibuliwa. Utaratibu ni huo, mrija kwanza. Ukipuliza povu mrija ukiwa umeziba, lita nzima ya tope la sabuni huishia miguuni. Siki na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, ambazo wengine huzisifu sana, huila aluminiamu. Harufu itaondoka, na evaporeta itafuata.

Tena filta. Magari mengi yaliyoagizwa kutoka Japani yana nafasi ya filta nyuma ya kisanduku cha dashibodi, na si mara moja hukutwa tupu. Angalia. Kama ipo, mshale wake uelekee upande hewa inakokwenda. Kwa barabara zetu za vumbi, kuibadilisha kila kilomita 10,000 si anasa.

Matone chini yapo, lakini kapeti bado inalowa

Hapa mrija haujaziba, au umeziba kidogo tu. Tafuta mambo matatu.

La kwanza ni mrija uliochomoka. Kama giaboksi au injini imeshushwa karibuni, kipande cha mpira huondolewa ili kisisumbue na hakirudishwi. Bila hicho, maji hutiririka kwenye ukuta wa injini, hufuata godoro la kuzuia kelele, na kurudi ndani kupitia tundu la nyaya. Ukiona alama ya maji iliyochora mstari ukutani chini ya tundu la plastiki, umepata jibu. Kipande cha mpira cha kipenyo hicho hupatikana kwa wauza vipuri. Muhimu kipinde kuelekea chini na kisigusane na ekzosi.

La pili ni sponji zilizooza. Mahali paipu mbili za aluminiamu zinapoingia ndani kuna sponji nyeusi inayoziba mwanya, na paipu nene, ile ya baridi, mara nyingi imevalishwa koti la sponji kwa urefu wote uliomo ndani. Koti likioza, paipu hutoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji, na matone huangukia upande wa kapeti ulio karibu na katikati ya gari. Washa kiyoyozi, shika paipu kwa mkono kutoka chini ya dashibodi. Ikiwa baridi na imelowa, ikaushe na uivalishe upya kwa utepe wa sponji wa mafundi wa majokofu. Utepe wa kawaida wa umeme hausaidii kitu. Baridi hupita na jasho linatokea juu ya utepe.

La tatu ni boksi la plastiki lenye ufa, au lililofungwa vibaya na mtu aliyewahi kubadilisha evaporeta. Boksi hilo lina nusu mbili zinazoshikana kwa klipu na skrubu, na kati yake kuna utepe wa kuziba. Klipu moja ikikosekana chini, mpenyo wa milimita 2 unatosha. Kwa hili hakuna mkato. Boksi hushushwa, na gesi lazima ivutwe kwa mashine kabla paipu hazijafunguliwa. Anayekufungulia paipu gesi ikiwa bado ina shinikizo anachoma vidole vyake kwa baridi na kumwaga hewani kitu kisichotakiwa kumwagwa.

Kabla ya kukubali hukumu ya ufa, angalia unavyoegesha. Gari linalolala kila usiku limeinama mbele kwenye mteremko, kama maeneo ya Riat au vilima vya Kisii, huweza kuacha maji kwenye kona ya beseni isiyo na tundu. Asubuhi yanamwagika mara moja. Ligeuze usiku mmoja uone.

Hewa hupungua safarini, kisha maji humwagika ukizima

Umetoka Busia, saa ya kwanza baridi ni nzuri. Kisha hewa inaanza kunyong'onyea, ingawa feni inapiga kelele ileile. Ukisimama Maseno kwa chai na kurudi, kapeti imelowa na baridi imerudi kama hakuna lililotokea. Hiyo ni barafu. Maji yaliganda kwenye evaporeta, yakaziba njia ya hewa, kisha yakayeyuka kwa mkupuo ambao mrija hauwezi kuumaliza, hasa kama tayari una tope kidogo.

Thibitisha hivi: hewa ikishapungua, zima kitufe cha AC lakini acha feni iendelee. Ndani ya dakika 10 hadi 15 hewa ikirudi kwa nguvu zake, ilikuwa barafu. Isiporudi, tafuta filta iliyoziba au feni iliyochoka.

Sababu zifuate kwa mpangilio wa gharama. Filta na evaporeta chafu kwanza, maana hewa ikiwa kidogo, baridi hujikusanya na kuganda. Kisha feni yenyewe. Kisha kihisi joto cha evaporeta, kile kiwaya chembamba kilichochomekwa kati ya mapezi yake. Kazi yake ni kuiambia kompresa, ile pampu ya gesi, ipumzike baridi ikikaribia sifuri. Mara nyingine kimechomoka tu na kinaning'inia hewani, kinapima joto la mahali pasipo na baridi, na kompresa haipumziki kamwe. Kwenye magari ambayo kompresa yake hukata na kuunga, kaa karibu na boneti usikilize: kusiposikika ule mlio wa "tak" hata mara moja kwa dakika 20 gari likiwa limesimama na injini ikinguruma taratibu katika hali ya hewa ya baridi, shuku kihisi au rilei (swichi ya umeme ya kompresa) iliyong'ang'ana. Kihisi hupimwa kwa mita ya omu. Upinzani wake unatakiwa kupanda kadiri unavyokipoza. Kitumbukize kwenye kikombe cha maji ya barafu. Mita isiposogea, kimekufa.

Gesi pungufu inakuja mwisho, na ndiyo ile hali moja iliyotajwa mwanzoni. Gesi ikiwa kidogo, shinikizo ndani ya evaporeta hushuka, na sehemu yake ya mwanzo hupoa chini ya sifuri huku sehemu nyingine ikiwa na joto. Lakini gesi haiishi kama petroli. Imepungua kwa sababu kuna mahali inapita. Fundi atafute uvujaji, kisha ajaze kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Magari madogo mengi hubeba kati ya gramu 350 na 500 hivi, kwa hiyo kosa la gramu 100 si dogo. Kujaza kwa kukisia, kwa kutazama geji moja na kugusa paipu, ndiko kunakorudisha watu gereji baada ya mwezi. Kama gari ni la haibridi, Aqua au Prius kwa mfano, nyaya za rangi ya chungwa ni za umeme mkubwa na mafuta ya kompresa yake ni ya aina yake. Mpelekee anayeyajua magari hayo.

Moshi mweupe na matone kwenye matundu ya hewa

Moshi mwepesi unaotoka kwenye matundu dakika za kwanza, gari likiwa limelowa joto na unyevu, ni ukungu tu. Hauna harufu na hupotea. Matone yanayorushwa usoni ni kitu kingine: beseni limejaa hadi feni inayabeba maji. Rudi kwenye mrija.

Kapeti inalowa mvua ikinyesha tu

Kiyoyozi hakihusiki, hata kama ni upande uleule wa abiria. Maji ya mvua huingia kwa njia za ajabu na kukusanyikia mahali pa chini, kwa hiyo palipolowa si lazima pawe palipovuja.

Tazama kwanza plastiki iliyo chini ya wipa. Inua boneti, ondoa majani, na umwage lita mbili za maji polepole kila upande. Yanatakiwa kutokea nyuma ya magurudumu ya mbele. Yakisimama, mifereji imeziba na maji yatatafuta tundu la kuingizia hewa, ambalo liko palepale. Pili ni milango. Maji huingia ndani ya mlango kila mvua inyeshapo, na hutoka kwa vitundu vya chini. Kinachoyazuia yasiingie kwa watu ni karatasi ya plastiki nyuma ya pambo la mlango. Aliyeweka spika au alamu aliichana na hakuibandika tena. Jasho la kapeti upande wa mlango, na kitundu cha chini kilichozibwa na udongo, ni dalili zake. Tatu ni kioo cha mbele kilichobadilishwa, hasa kama gamu ilikauka kabla kioo hakijakaa. Gari lenye dirisha la paa lina mirija minne ya maji kwenye nguzo zake, nayo huziba vilevile.

Kujua ni ipi, mtu mmoja akae ndani na tochi, pambo la miguuni likiwa limeondolewa, na mwingine atumie mpira wa maji wa kawaida bila shinikizo, akianzia chini na kupanda: chini ya mlango, kisha kioo cha pembeni, kisha plastiki ya wipa, kisha kioo cha mbele, dakika 5 kila mahali. Ukianzia juu, maji hutiririka kote na hutajua yaliyoingia yalipitia wapi.

Harufu tamu na kioo chenye utando

Kioo cha mbele kikishika ukungu wenye mafuta usiofutika kwa kitambaa, na tangi la akiba la rejeta likishuka kidogokidogo, hita inavuja. Injini ikiwa imepoa kabisa, jaza hadi mstari, endesha siku tatu, pima tena. Usiendelee na safari ndefu huku ukiongeza maji ya bomba. Injini iliyochemka ni ghali kuliko hita yoyote. Panapo dharura, paipu mbili za hita zinaweza kuunganishwa pamoja upande wa injini ili hita iachwe nje ya mzunguko, na kwa joto la Kisumu hakuna atakayeikosa.

Noah, Voxy na matatu

Magari ya abiria wengi yana evaporeta ya pili ya nyuma, darini au ubavuni, yenye mirija yake mwenyewe inayoshuka ndani ya nguzo hadi chini ya gari. Abiria wa kiti cha katikati akidondokewa kichwani, usihangaike na mrija wa mbele. Fungua kifuniko cha kifaa cha nyuma, toa kichujio chake cha wavu, kioshe, kisha fuata mirija. Hukunjika mahali pambo la nguzo lilipofungwa vibaya. Kwa mirija hii mirefu upepo kidogo kutoka juu kwenda chini ni salama, mradi umeichomoa kwenye beseni kwanza.

Kukausha

Chanzo kikishazibwa, kapeti ya juu itakauka kwa siku moja na kukudanganya. Chini yake kuna sponji nene inayoweza kushika lita kadhaa, na juu ya bati ndipo kutu huanzia. Toa kiti cha abiria. Kwenye magari yenye soketi za njano chini ya kiti, hizo ni za mifuko ya hewa; chomoa waya hasi wa betri na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kuzigusa. Inua kapeti kutoka kwenye pambo la mlango, vuta maji kwa mashine, kisha weka kipande cha bomba au chupa kati ya kapeti na bati ili hewa ipite. Juani, madirisha wazi, siku mbili au tatu. Usikaushe kwa kuwasha kiyoyozi kwenye hewa ya kuzunguka huku madirisha yamefungwa, ukiwa hujahakikisha mrija unatoa: maji uliyotoa kwenye kapeti yatarudi kwenye kapeti.

Kagua soketi zote zilizokuwa ndani ya maji. Rangi ya kijani kwenye pini ni kutu ya shaba. Isafishe kwa dawa ya kusafishia miunganisho ya umeme, la sivyo miezi michache baadaye taa za onyo zitaanza kuwaka bila mpangilio na hakuna atakayekumbuka maji.

Usifunge klipu za kapeti siku hiyo. Tandaza magazeti makavu juu ya bati, laza kapeti juu yake bila kuibana, na uendeshe mchana wa joto hadi Ahero na kurudi, hewa ya nje, feni nafasi ya kati. Yatoe magazeti. Kama kurasa zote ni kavu, rudisha kiti. Kama kona moja imelowa, kona hiyo ndiyo ramani yako: karibu na mlango ni mvua au mlango, katikati ni paipu au boksi, mbele kabisa ukutani ni mrija.